Chumvi ya Mto Kizinga

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako kikohozi kimemwacha. Unauliza kama ufute kipimo chako cha maji ya mto, kwa kuwa hakifanani na vya wenzako, kabla hamjavituma kwa wanafunzi wa ng'ambo. Sijawahi kumwambia mtu, lakini nami nusura nifute changu, enzi za Mwingereza.

Wanafunzi wa Uingereza walituuliza kwa barua maji ya Kizinga yana ladha gani. Wenzangu wa darasani walikwenda mtoni asubuhi, wakaandika matamu. Mimi nilikwenda alasiri ya bamvua, bahari imejaa, nikaandika chumvi.

"Umelamba jasho lako!" wakacheka. Nikashika kifutio.

Mwalimu wetu, mtu wa bara, akanizuia. "Twende tukaonje, mwanangu."

Alasiri ya siku hiyo, bahari imejaa tena, akateka maji kiganjani, akaonja, akatema. "Chumvi kweli! Ahsante, Zuhura."

Mpaka leo namshukuru. Tuliporudi darasani nilitia kifutio mfukoni, nikawaandikia wale wa Uingereza: asubuhi maji ya mto wetu ni matamu, bahari ikijaa yana chumvi.

Bibi yako, Zuhura