Kwa Mama Mwansa, Noeli ya Pili Bila Wewe

Chanda, mke wangu, leo tarehe 21 Desemba 1976 mwaka umetimia tangu ulipotuacha, na asubuhi bado naamka nikisubiri kusikia ukifungua dirisha la jikoni.

Watu wa soko la Naviundu wanakukumbuka kwa sombe yako, majani ya muhogo yaliyotwangwa vizuri, na samaki wakavu, na kwa kipimo chako ambacho hakikupungua. Mimi nakukumbuka kwa mambo madogo. Nilipoanza masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mbili, wenzangu wa kiwandani walinicheka. Wewe ulikata mfuko wa unga ukafunika nao daftari langu. Ukasema, "Baba Mwansa, kitabu ya muntu mukubwa haipashwe kuchafuka."

Nilijifunza kuandika barua. Niliwaandikia wakubwa wa kazi, niliwaandikia majirani wasiojua kusoma barua zao. Wewe sikukuandikia hata moja. Hii ndiyo ya kwanza.

Noeli iliyopita ulikuwa na siku mbili tu kaburini. Watoto wetu, Mwansa na Mwaba, walikuwa wamerudi Kipushi na Sakania, kwa maana serikali imeifuta sikukuu hiyo, na sasa ni siku ya kazi kama nyingine. Jioni Donat, mume wa jirani yetu Annie, akasimama mlangoni.

"Baba, kuya tukule."

"Nilishakula."

"Ulikula nini? Hatukuona moshi ku nyumba yako tangu asubui."

Nilimwambia moshi wa nyumba yangu si kazi yake, nikafunga mlango. Nilikuwa na njaa, Chanda. Nilikaa kitini nikiwasikiliza wakiimba, mpaka wakanyamaza.

Juzi Donat alirudi. Safari hii hakutaja chakula.

"Baba, Annie anaomba siku ya Noeli uje utuangalilie meza. Muguu yake moja inalegea."

Alipoondoka nilicheka peke yangu. Meza ile niliitengeneza mwenyewe, na miguu yake yote ni mizima. Nikatambua kwamba ni wewe. Miaka mingapi ulinituma kwa wale vijana kutoka Kasai waliokaa bila ndugu, niwaambie bati letu linavuja, waje kuangalia? Walifika, wakakuta bati zima na sahani mezani, wakakaa. "Muntu wa haya," ulisema, "haitike mwito ya chakula, anaitika ya kazi." Annie alikuwa pale akikusaidia kumenya vitunguu.

Nilidhani ni michezo ya wanawake. Sikukushukuru, kwa hayo wala kwa daftari. Nakushukuru leo, mbele ya watu wote wanaosoma gazeti hili.

Noeli hii nitaenda. Nyundo nitaiacha nyumbani. Annie akifungua, nitamwambia nimekuja kula, kwa sababu nina njaa na niko peke yangu. Nimeyasema maneno hayo mara tatu leo, nikiwa ndani, ili nisije nikayameza mlangoni.

Mungu akupumzishe, na atujalie kuonana tena.

Wanaokukumbuka: mume wako Ngosa, watoto wako Mwansa wa Kipushi na Mwaba wa Sakania, pamoja na wajukuu wako watano, dada yako Kapya, jirani zako Annie na Donat.

Siku zetu zote tutakukumbuka.