Kwa Mapovu Wetu: Ile Chupa Haikuwa na Maji

Umetimia mwaka sasa, mwanangu, tangu utuache, na lile neno bado halijanitoka masikioni: eti ulikunywa kwa kutaka mwenyewe. Nililisikia siku ya mazishi yako, nyuma ya mgongo wangu. "Mume kamchosha huyo, kajimaliza." Na aliyesema alikuwa ameshika sahani ya chakula chetu. Mpaka leo nikimwona nabadili njia.

Sisi tuliokaa nawe tunakujua. Kushona ulishona, mkate ulioka, mboga za uani zilikuwa zako, ila sabuni ndiyo iliyokupa jina la Mapovu. Hukuingia kwa mtu mikono mitupu. Kila nyumba ulikatia kipande. "Oga kwanza, sifa baadaye," ulikuwa ukisema. Mumeo alipoachishwa kazi, ni beseni lako lililoweka chungu jikoni.

Yule mwalimu wa semina ya sabuni uliyohudhuria alikufundisha kwamba kostiki, ile dawa ya sabuni, ukiichanganya na maji inachemka, kwa hiyo uiache ipoe. Akakufundisha pia uitie kwenye chupa za maji ya kunywa, maana ni za bure, na ndoo yenye kifuniko ni gharama. Ikishapoa huitofautishi na maji. Wewe ukaiweka kwenye friji ipoe upesi. Siku ile ya jua kali ulitoka kupeleka oda, ukafungua friji, ukapiga funda moja.

Siku tisa ulizolala hospitali kabla ya kutuacha hukutoa sauti, koo lilikuwa limeungua. Uliandika kwa kidole kwenye kiganja changu: NILIDHANI MAJI. Mumeo alikuwa amesimama hapo, aliona.

Mwalimu wako alikuja kutupa pole. "Mama, mimi nilifundisha vizuri, yeye ndiye hakuwa makini." Wiki iliyopita nikapita ukumbini kwake. Mezani chupa zilezile za kostiki, na lebo za maji ya kunywa bado zimebandikwa. Ukutani picha yako unacheka na sabuni zako, chini wameandika, "Mhitimu wetu bora." Nikamwambia, "Toa hizo chupa, na mwanangu umtoe hapo." Akanijibu, "Mama, usituharibie biashara."

Na mimi mwenyewe najichukia. Chupa zile nilikuokotea mimi, kwenye ofisi ninazofagia, nikakuletea mifuko kwa mifuko. Ulinitania, "Mama, wewe ndiye stoo yangu." Nikafurahi kweli. Sikuuliza za nini.

Tunaokukumbuka ni mumeo. Binti yako, ambaye siku hizi hunusa kila kikombe kabla ya kunywa. Kaka zako wawili. Shangazi yako fundi cherehani. Wateja wako wa mtaani. Na mimi mama yako. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.

Na ninyi mnaotafuta riziki kwa mikono yenu nyumbani, kama yeye, nawaomba:

Usitie kostiki kwenye chupa ya maji, ya soda wala ya juisi.

Usiiweke kwenye friji, hata kwa dakika moja.

Usiiache bila alama ambayo hata mtoto asiyejua kusoma ataiogopa.

Usinywe chupa ambayo huna hakika na kilichomo, hata kama uliijaza mwenyewe.

Usimwamini mwalimu anayekuambia ndoo yenye kifuniko ni gharama.

Usimkusanyie mwanao chupa tupu bila kuuliza za nini.

Usiseme mwanangu alikunywa kwa kutaka.