Hata Mbwa Yumo

Jumatatu, 4 Agosti
Vitumbua vimeisha mapema. Nimefua, nimeanika. Baba Zuhura hajaenda kuandika kile kibao cha duka la dawa, wamempigia simu mara mbili. Yuko uani na kitambaa chake cha amerikani, amekivuta kwenye fremu ya mbao, anachora bahari. Tangu turudi kutoka Pangani ni bahari tu. Binti yetu Zuhura ndiye aliyetupeleka kule tukapumzike, Mungu amzidishie. Na mimi nilipumzika kweli. Nilikaa kwenye mkeka na mabegi, nikala samaki, nikaswali huku upepo unanipuliza. Yeye alikuwa anakwenda na kurudi ufukweni, anaangalia watu. Nikadhani ananyoosha miguu.

Jumatano, 6 Agosti
Watu wameanza kutokea kwenye picha. Muuza madafu. Watoto wawili wanamfukia baba yao mchangani. Mzee aliyebeba viatu mkononi. Nimewatambua wote, nikacheka peke yangu. Mume wangu ana mkono, nisimnyime haki yake. Miaka nenda miaka rudi anaandika "Saluni" na "Vocha Zipo", kumbe ndani yake mlikuwa na haya.
Katikati kaacha mahali patupu. Pakubwa. Sikuuliza. Nimempikia wali wa nazi, siku ya kawaida tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Pamejaa. Ni mwanamke wa gauni la njano. Maji yamemfika magotini, kalishika gauni kwa mkono mmoja, kichwa kakirusha nyuma anacheka. Meno yote nje. Namkumbuka. Alipita mbele ya mkeka wetu na wenzake, hata salamu hakutoa.
Nimemtafuta mtu wa kwenye mkeka. Hayupo. Mkeka wenyewe haupo. Mbwa yule mwekundu aliyekuwa anazunguka na mifupa, yumo. Kachorwa mpaka mkia.
Sijala.

Ijumaa, 8 Agosti
Wifi yangu Mwanaidi kaja kutoka Kang'ata, kalala kwetu. Yeye ni dada wa mume wangu, Mzigua hasa, na mimi Msambaa wa Bungu, kwa hiyo utani hauishi. Kasimama mbele ya picha, kashika kiuno.
"Wifi, wewe uko wapi humu?"
Nikamwambia niko jikoni.
"Hee! Mbwa kapata nafasi, Msambaa kaachwa alinde mabegi! Na huyu wa njano ndiye nani? Kaka, unatuletea wifi mwingine?"
Baba Zuhura kacheka tu. Hakusema hapana. Ningeridhika na hapana moja.
Nimecheka na mimi. Usoni.
Kwenye darsa tulifundishwa kuwa wivu wa mke si dhambi ukiwa na kiasi, lakini husuda ni dhambi, inakula mema ya mtu. Nimejiuliza yangu ni ipi. Mtu mwenyewe ni wa rangi. Hana jina. Hajui kama nipo. Nimeomba niondolewe, sikuondolewa.

Jumamosi, 9 Agosti
Mwenye gesti fulani ya Handeni kapita kuangalia. Anataka kuitundika mapokezi. Kasema, "Mzee, huyu dada wa njano ndiye aliyeniteka." Kila mtu anatekwa. Atakuja kuichukua wiki ijayo.
Kwa hiyo atakaa pale anacheka, wageni wanaingia wanamtazama, na mume wangu ndiye aliyemkalisha. Mimi alinikalisha wapi?
Nimeunguza vitumbua. Wateja wamekula hivyo hivyo, wamenionea haya.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefanya jambo baya. Baba Zuhura alikuwa amekwenda sokoni. Kitambaa chake cha kufutia rangi, chenye tapentaini, kilikuwa juu ya kopo. Nikakichukua. Nilisema nafuta vumbi, nikijidanganya mwenyewe. Nikampitishia yule wa njano mdomoni. Rangi ilikuwa bado mbichi. Kicheko chote kikaenda shavuni.
Sikukimbia. Nilikaa kwenye kigoda, kitambaa mkononi, mpaka akarudi.
Kaangalia picha. Kaangalia kitambaa. Kaniangalia.
"Mama Zuhura, ni nini?"
Nikamwambia, hata mbwa yumo! Sauti ikanitoka kubwa, jirani wakasikia. Hata mbwa, Baba Zuhura, na mimi sipo!
Kakaa chini. Kwa upole kabisa kasema, "Si ulinikataza? Siku ile ya ndoa, mbele ya marehemu baba yako. Ulisema nisichore uso wako maisha yangu yote."
Ni kweli. Baba alikuwa maalimu, alikuwa mkali kwa picha za viumbe, na mimi nilikuwa namtii. Nilikataza. Kumbe huyu mtu kalishika neno langu muda wote huu, na mimi muda wote huu nangoja aniulize tena.
Nililia. Yeye kaosha brashi.

Jumatatu, 11 Agosti
Amemtengeneza yule wa njano. Sasa kafunga mdomo, anatabasamu tu. Nilimwomba msamaha mume wangu, kasema yameisha. Yule wa kwenye picha sijamwomba. Bado simpendi.
Baada ya alasiri nikamwambia: niweke. Uso usiweke. Niweke nimegeukia baharini, kwenye mkeka wangu, na mabegi. Kasema basi kesho uje ukae, kukuchora kwa kichwa siwezi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimekaa uani kwenye mkeka, mgongo kwake, natazama ukuta wa choo badala ya bahari. Simwoni. Nasikia brashi tu, na najua ananitazama. Nilikuwa na haya kama mwali.
Kuna wakati alikuja kunyoosha mtandio wangu. Akasimama. Kidole kikagusa nyuma ya shingo, penye baka.
"Hili la nini?"
Uji wa moto, nikamwambia. Nilikuwa mdogo, kwetu Bungu.
"Hukuniambia."
Hukuuliza.
Kisha kauvuta mtandio, kalifunika vizuri, kama mtu anayefunika chakula.
"Hili haliendi Handeni," kasema, akarudi kwenye rangi zake.
Nimekaa mpaka adhana. Mgongo unauma.