Huyu Mama Anafanya Nini Hapa?

Mama yangu mpendwa, shikamoo. Mguu umetulia, au bado unakusumbua ukipanda shamba la juu? Na bibi, anakula vizuri? Mimi huku Dodoma ni mzima wa mwili, ila moyo bado unaruka kwa mshtuko, ndiyo maana nimeona simu haitoshi.

Mama, umekatwa! Umekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari toka kona hadi kona.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wetu hapa chuoni alitaka insha kuhusu udongo wa milimani unavyochukuliwa na mvua. Asiyefaulu haendi mafunzo ya vitendo, anarudia mwaka. Kabla ya kukusanya, akatuambia tubadilishane kazi, kila mtu amwonyeshe mwenzake makosa. Nikapangwa na Mzee Salimu wa Kondoa, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kusoma, umri wake sawa na marehemu baba. Kila asubuhi namwamkia. Sasa nimwambie mzee kama yule "hapa umekosea"? Kwa malezi yapi? Nikaandika chini ya kazi yake: "Nzuri sana, mzee wangu. Hongera." Basi.

Yeye akanirudishia yangu. Yesu wangu! Aya nilimokuweka wewe na jembe lako ameikata yote, na pembeni ameandika: "Huyu mama anafanya nini hapa?"

Adabu yote ikaniruka. Nikamfuata nje: "Mzee, mama yangu amekukosea nini?"

Wala hakukasirika. Akafungua karatasi. "Mwanangu, aya umeianza na udongo. Mstari wa pili mama analima, wa tatu anapika uji, wa nne kaka yako anaoa. Mimi msomaji nimshike yupi?"

Nikasoma. Kweli, hata harusi ya kaka Yohana nilikuwa nimeiingiza! Sijui ilipitia wapi.

Kumbe mshtuko wenyewe ulikuwa bado. Akatoa insha yake, akaweka kidole kwenye hongera yangu, na sauti ikabadilika. "Mimi mwaka huu ndio narudia. Nikianguka tena wananitoa. Yako nimehangaika nayo, wewe unanipa hongera? Nikaile nyumbani?"

Nilikosa pa kuficha uso.

"Shikamoo yako niliipokea asubuhi," akasema. "Sasa kaa hapa, niambie nilipokosea."

Mama, nikamwambia. Macho chini: mzee, aya hii ina mambo matatu, mzee, sentensi hii haisemi kitu. Yeye anaandika tu, "Enhe, enhe."

Juzi matokeo yalitoka. Tumefaulu wote wawili! Alinikuta mlangoni, na kabla sijafungua mdomo kumwamkia akaniwahi mbele ya darasa zima: "Habari za asubuhi, mwalimu wangu!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nisalimie bibi, kaka Yohana na wifi yangu mpya, na mama mdogo pia; mwambie unga alionitumia bado naula.

Kwenye insha nilikutoa, mama, imenibidi. Lakini aya hii ya barua nimeiacha iwe na jambo moja tu, asitokee mtu kuuliza unafanya nini hapa. Nimekukumbuka.

Mwanao,
Neema