Mkwe Hapigwi Kombora

Maegesho ya Malori,
Shelui, Iramba,
Singida.
17 Juni 2025

Mpendwa kaka Clement,

Shikamoo. Habari za Kigali, na baridi ya huko? Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula na unalala. Sisi hapa nyumbani wazima, tunamshukuru Mungu. Mama kile kikohozi chake kimeisha, sasa anakohoa tu akitaka mtu anyamaze. Baba mguu ni uleule. Anatembea na fimbo, na ukimuuliza anakwambia umepona zamani.

Barua nampa Amosi, yule dereva wa lori la mbolea anayepita hapa kwenda kwenu. Usishangae kwamba sikupiga simu. Habari yenyewe ni ndefu, halafu nikipiga simu baba anakaa pembeni yangu kama askari wa mizani, hakuna neno linalopita bila kukaguliwa.

Alizeti kwetu mwaka huu hazikutoka vizuri. Mvua ilikatika mapema, na kidogo kilichobaki ndege wakajikaribisha. Mama amevuna alichovuna, hatulalamiki. Iguguno wamepata zaidi yetu.

Na kwa kuwa nimeitaja Iguguno, nikwambie jambo lenyewe, maana nakujua, umeshaanza kuruka mistari. Naolewa, kaka. Au niseme nilikuwa naolewa, halafu nikawa siolewi, na sasa hata sijui nijiiteje. Soma mpaka mwisho utaelewa.

Mwanaume anaitwa Gasto. Ana mashine ya kukamua alizeti huko Iguguno. Tulijuana mwaka jana alipokuja hapa kusubiri kifaa cha mashine kilichokuwa kinaletwa na lori. Lori likachelewa, akaingia kwenye banda langu la gemu kupoteza muda, akawafunga wote waliokuwemo, kisha akawaomba radhi mmoja mmoja. Ndivyo alivyo. Ni mpole, mchapakazi, na ana masikio makubwa. Utamzoea.

Banda uliliacha na TV moja, sasa ziko mbili. Watoto wa shule wanacheza mpira, lakini madereva na matingo wanataka gemu la magari. Magari yenyewe utadhani ya kweli, kaka: taa, vioo, vumbi la mlangoni, mpaka mlio wa gia. Ila barabarani kumewekwa maboksi yanayong'aa. Ukipita juu ya boksi unapata kitu. Labda kombora la kumpiga aliye mbele, labda mafuta ya kumwaga ili wa nyuma ateleze, au ngao ya kujikinga, au gesi ya kukurusha mbele kama umechomwa sindano.

Baba alipoliona mara ya kwanza alikataa katakata. Akasema gari limechorwa mpaka nati za tairi, halafu linarusha bomu, upuuzi gani huu? Alipokubali kujaribu, akawa anaendesha kama yuko kazini na lori lake la zamani. Akifika mteremkoni anashusha gia na kukanyaga breki, anasema hapa ni Sekenke, hapa pamemaliza watu. Wenzake wote wanampita, yeye anashuka taratibu na mzigo ambao haupo. Matingo walicheka mpaka machozi. Kisha siku moja akapata kombora bila kukusudia, akabonyeza, likampata Antipasi kinyozi. Weee! Baba yako akaonja utamu. Tangu hapo hakuna mchafu kama yeye. Anamwaga mafuta kwenye kona, akiulizwa anasema kuna gari la mtu linavuja.

Lakini amecheka, kaka. Tangu ile jeki ilipoteleza na mguu ukaharibika sikuwa nimemsikia akicheka vile. Nililia kidogo nyuma ya friji ya soda. Usimwambie.

Basi mwezi uliopita Gasto akamtuma mshenga, Mzee Miraji, na barua ya posa. Baba akaipokea, akaiweka kabatini, akasema atajibu. Ila akataka kijana mwenyewe aje amtazame. Gasto akaja Jumapili amevaa shati la mikono mirefu kwenye jua lote lile, akasalimia ameinama mpaka nikaona kisogo chake. Baba alikuwa bandani na padi ya kuchezea mkononi, akamwonyesha nafasi pembeni yake. Gasto akakalia ukingo wa benchi kama mwenye jipu. Baba akamwambia, "Acha kukaa kama mgonjwa. Shika padi tucheze."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Gasto amelelewa na shangazi yake, Redempta, na kwa shangazi yule mkwe hapitwi njiani. Ukikutana naye unasimama pembeni mpaka apite. Huli naye sahani moja, hucheki mbele yake. Sasa bwana yule akaona hata kwenye TV mkwe ni mkwe. Gari lake likimkaribia baba, linapunguza mwendo. Akipata kombora, analirusha kwenye mawe. Akipata mafuta, anayakalia mpaka mbio zinaisha. Kuna mahali alisimama kabisa kando ya barabara, akasubiri mzee apite. Nikamkanyaga mguu, wala hakushtuka.

Baba alishinda zote. Akapita stendi nzima akitangaza kwamba mkwe mtarajiwa ni mtu mzuri ila mikono mizito. Raha ile iliishia kwa Antipasi, alikokwenda kunyoa ndevu. Mdomo wa Antipasi unaujua, haujawahi kuwa na mlango. Akamwambia, "Mzee, yule hajawahi kufungwa na mtu hapa Shelui. Wewe amekuachia."

Baba alirudi nyumbani amenyolewa upande mmoja. Akaanza kusema Kinyiramba kitupu, na wewe unafahamu baba akikiacha Kiswahili maana yake nini. Mama akaweka ungo chini. Baba akaitoa ile barua kabatini, akanipa, akasema, "Mrudishie Miraji."

Nikamwambia, "Baba, kwa sababu ya gemu?"

"Gemu gani? Mtu anayenipisha leo kwa heshima, kesho atanidanganya kwa heshima hiyohiyo. Nitampigia nimuulize, Lucy anakula? Atasema anakula. Lucy anaumwa? Atasema mzima. Kwa nini? Kwa sababu mzee ana mguu mbovu, asisumbuliwe. Mtu wa hivyo simpi mtoto wangu."

Kaka, nilikasirika sana. Nampenda Gasto. Nakuandikia hivyo bila aibu, nina miaka thelathini na moja, si mtoto wa kufichaficha. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilisikia maneno ya baba na nikaona hayana kosa.

Kesho yake nikafunga banda, nikaenda Iguguno. Nikamkuta Gasto kwenye mashine, mashudu mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia njoo Shelui umpige baba. Alinitazama kama nimemtuma akamtukane askofu.

"Lucy, mkwe hapigwi kombora."

"La kwenye TV, Gasto!"

"Hata hilo."

Shangazi Redempta alikuwa palepale anashona magunia, akadakia bila kuinua kichwa. Akasema akimpiga, watu watasema ukoo wao haukufunza watoto, na yeye hataki posa inayoanza kwa matusi. Makubwa! Asipompiga, baba hataki. Akimpiga, shangazi hataki. Nilirudi Shelui nalia kwenye basi, na wala sikujali nani ananiona.

Aliyenivusha ni mama. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akauliza, "Posa imeshakubaliwa?"

Nikasema ikubaliwe wapi, si ndiyo hiyo imerudishwa.

"Basi baba Clement ni mkwe wa nani?"

Nikafuta machozi.

"Si mkwe wa mtu," mama akasema. "Ni mzee wa Shelui anacheza gemu. Huyo kijana ampige sasa hivi, akishakuwa mkwe hataweza tena."

Nikampigia shangazi Redempta palepale. Akafikiri, akafikiri, mpaka nikadhani simu imekatika. Mwishowe akasema mama yetu ana akili, ila Gasto aangalie sana asije akampiga baada ya posa kupokelewa. Nikasema tumeelewana, shangazi.

Kumwambia baba ndiyo ilikuwa rahisi. Nilimwambia tu kwamba Gasto anaomba kurudia. Akajifanya hana haja, lakini Jumamosi alikuwa bandani kabla sijafagia.

Siku hiyo watu walijaa mpaka nikaizima ile TV nyingine. Mama alikuja, mara yake ya kwanza kufika, akasimama mlangoni na kanga yake akisema anapita tu. Baba akachagua pikapu nyekundu, Gasto kigari kidogo cheupe. Barabara ikawa ile ya mlimani. Baba hakungoja, kona ya kwanza tu akamwaga mafuta. Gasto akateleza, akagonga mwamba, akarudi barabarani. Hakuna aliyecheka. Hata Antipasi alikuwa amefunga mdomo.

Mzunguko wa mwisho baba alikuwa mbele. Gasto akapita juu ya boksi, akapata kombora. Tuliliona wote, linaonekana pale kwenye kona ya TV. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na mimi roho yangu ilikuwa kwenye kidole kile. Nikajua kabisa, akilirusha kwenye mawe leo, mimi sina harusi.

Baba, macho mbele, akamwambia, "Unalo. Nimeliona."

Gasto akasema, "Shikamoo, mzee." Akabonyeza.

Pikapu ikaruka, ikabinuka, ikatua mtaroni matairi juu. Kigari cheupe kikapita na kumaliza.

Baba akaweka padi chini, akamgeukia. "Siku ile ulinipisha kwa sababu ya ukwe tu? Au na huu mguu?"

Angeweza kusema ukwe, kaka, na yangeisha. Gasto akasema, "Na mguu, mzee. Nilikuonea huruma."

Nikasema moyoni, kimenuka. Baba akamtazama, akamtazama tena. Kisha akamnyooshea mkono. "Marahaba," akasema. "Wewe naweza kukuuliza habari za mwanangu."

Mama akapiga kigelegele kule mlangoni, yeye aliyekuwa anapita tu. Matingo wakamnyanyua Gasto juujuu mpaka akagonga bati. Nilifurahi, kaka, nilifurahi mpaka nikagawa soda.

Ningependa barua iishie hapa. Lakini jioni tukiwa tunakula, baba akasema, "Kuna mwingine anayenipisha."

Mama akauliza nani. Akasema ni wewe.

"Clement. Kila nikimpigia, kazi nzuri, afya nzuri, Krismasi nakuja. Krismasi ngapi sasa? Nimeendesha na watu barabarani maisha yangu yote. Sauti ya mtu anayesema yuko sawa na hayuko sawa naijua." Kisha akanigeukia mimi. "Lucy, wewe unajua nini?"

Sikusema, kaka. Uliniomba nisiseme na sikusema kwamba kule ghalani ulikokuwa unafanya kazi walikupunguza tangu Februari, wala kwamba unabeba mizigo sokoni na kulala kwa rafiki. Lakini kusema uko salama pia nilishindwa. Niliangalia ugali tu. Na baba akaniona ninavyouangalia.

Akasema posa ameikubali moyoni, ila jibu halitatoka nyumbani mpaka wewe umpigie. Wewe ndiye kaka mkubwa, ndiye utakayesimama upande wetu siku ya mahari, na hataki siku hiyo asimame mtu anayempisha. Akasema, "Anipe habari za kweli, hata kama ni mbaya. Hasa kama ni mbaya." Nilijaribu kubishana. Mama akakohoa, nikanyamaza.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Mzee Miraji anasubiri. Gasto anasubiri, na safari hii hana la kufanya, hapa hakuna padi ya kushika. Shangazi Redempta anapiga simu asubuhi na jioni kuuliza kama baba ameshakuwa mkwe au bado.

Sikulaumu, kaka. Najua uliyafanya hayo kwa mapenzi, na mimi nilikusaidia kuyafanya. Lakini mpigie. Usimwambie Krismasi. Mwambie kazi iliisha, mwambie unalala wapi. Atakasirika, atasema Kinyiramba, mwache amalize. Usiogope kumuumiza. Jumamosi amepigwa kombora mbele ya stendi nzima, akatupwa mtaroni, na jioni ile alikula ugali wake wote akaomba wa kuongeza.

Mjomba Elisha wa Mwankoko anakusalimu, na binti yake Sara anamaliza darasa la saba mwaka huu, anataka umtafutie begi. Mama anasema ule, uvae sweta. Antipasi naye salamu zake, ingawa hastahili nimfikishie. Mungu akushike mkono huko uliko na akulinde njiani ukiamua kurudi, maana kitanda chako hakijahamishwa.

Mdogo wako akupendaye, na anayeitazama simu ya baba kuliko yake,

Lucy Melkiori