Baba Yako Haumwi, Somoe

Wewe wa ofisini unayezisoma barua za watu kabla ya wenyewe, hii isome, uone haya, halafu uipeleke. Usiifupishe. Na kabla hujampa mjukuu wangu huko kwenye barafu, mtafutie mtu mzima wa kukaa naye ubavuni. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya.

Sasa wewe, Somoe, mke mwenzangu.

Baba yako haumwi. Tumemzika hapa Kibiti, na hitima ya arobaini tumeshaisoma. Mimi niliyemzaa ndiye ninayekwambia, kwa herufi zangu hizi za kisomo cha watu wazima, maana wenye kompyuta wameshindwa.

Siku ile ya msiba baba yako mdogo, Salehe, aliipigia simu ofisi yenu ya Dar es Salaam. Akasema kama tunavyosema sote: "Baba yake anaumwa sana, mwambieni aje." Mtu wa Utete akisikia hivyo keshajitanda kanga, anatafuta gari huku analia. Nani anamtupia mwenzie msiba kwenye simu? Yule dada wa ofisini akauliza, "Amelazwa hospitali gani? Tutahitaji barua ya daktari." Salehe akababaika. Ningekuwa mimi ningemjibu, "Daktari wa nini, mwanangu, mtu tumeshamvika sanda?" Lakini simu hawakunipa. Walisema bibi atafoka.

Dar ikapeleka Ulaya, Ulaya ikapeleka melini, meli ikapeleka kambini kwenu. Kila mmoja akajibu, "Tumepokea." Kupokea wanajua! Mara hewa mbaya, redio haishiki. Mara mkuu wa kambi amebadilishwa, huyu mpya hana habari. Mwisho likaja jibu kwamba ndege haitumwi kwa ajili ya mgonjwa, na chini yake maneno yako: "Mwambieni baba anywe dawa, asilete ubishi. Nitamletea koti langu la baridi."

Salehe aliyasoma kwa sauti pale barazani. Mama yako akaingia ndani, hakutoka mpaka magharibi.

Nikamwambia Salehe, "Piga tena, sema kafa."

"Mama, nitalitamkaje hilo kwa mtu nisiyemjua?"

Mwanamume mzima, ana ndevu!

Unakumbuka mwaka ule wa maji mengi, tukiwa juu ya dungu tunalinda mpunga? Homa ilikupanda, baba yako yuko kwenye dungu lake ng'ambo ya mto. Nilipiga ukemi mmoja tu. Jirani akaupokea, na wa mbele yake akaupokea, ukamfikia. Akaja na mtumbwi hata ubwabwa wangu haujaiva. Nawe, na homa yako, ukamwambia, "Umechelewa." Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Na kule kwenye mikoko, maji yakipwa, alikuwa akikupa upondo wa mtumbwi uuzamishe kwenye matope uone yanafika wapi. "Ya chini kabisa yana umri mkubwa kuliko bibi yako," akasema, mkanitazama, mkacheka, watovu wa adabu nyie wawili. Ndiyo hayo yaliyokupeleka kutoboa barafu mwisho wa dunia, kutafuta ya kale ya chini. Alijisifu kwa watu kuliko ulivyojisifu mwenyewe.

Na wewe pia nina hasira nawe. Uliniambia, "Bibi, tuna simu ya setilaiti, nitakuwa karibu kuliko watu wa Ngarambe kule porini." Watu wa Ngarambe walimzika, Somoe. Wewe unamtumia salamu maiti. Ninaziogopa sasa salamu zako, kila zikija tunafiwa upya.

Sikulaumu kwa kwenda. Nawalaumu waliokupeleka mahali pasipofika neno, kisha wakajiita ofisi ya mawasiliano.

Basi lia. Ukichoka, nawa, utawadhe, umwombee baba yako. Kisha nenda kwa huyo mkuu mpya, simama mlangoni kwake mpaka akupe hiyo simu mkononi mwako. Asikupigie mtu wa ofisi. Nipigie mimi, siyo Salehe. Na usiniulize baba anaendeleaje. Niulize kaburi liko upande gani, nikuelekeze.

Bibi yako, mzaa baba yako