Aliyelichora Fungu la Babu

Bethel, Alaska
14 Agosti

Mpendwa binamu na mtani wangu Maxim,

Pokea salamu zangu zikiwa zimelowa, maana huku mvua imetushika na hakuna kikavu kilichobaki isipokuwa koo langu. Hujambo lakini? Ile mashine ya kusafishia damu bado inakuchosha? Na macho je? Nasikia huko Arizona mtu anaweza kukaanga yai juu ya boneti ya gari. Pole sana. Ukirudi tutakuweka kwenye friji kwanza, uzoee taratibu.

Mimi ni mzima, nimenenepa, na bado ndiye rubani bora kuliko wote waliowahi kuruka juu ya mto huu, wewe ukiwemo. Usibishe. Juzi nilitua kijijini Kwethluk upepo ukipiga ubavuni, nikiwa na friza, maboksi ya nepi na padri. Padri alishuka akabusu ardhi.

Mama yako hajambo. Samaki wake wamegoma kukauka kwa sababu ya mvua hii, basi anagombana na moshi kutwa nzima. Anauliza kwa nini hupigi simu. Hata mimi nauliza, tena nina sababu zangu.

Sasa nisikilize. Tumeletewa rubani mpya kutoka Minnesota, anaitwa Haugen. Si mtu mbaya, leseni anayo na adabu anayo, ila chumba chake kimejaa vioo vya kompyuta, usukani na pedali, vya kuchezea mchezo wa kurusha ndege. Akaniambia kwamba siku hizi wachezaji hawataki tena ndege kubwa za abiria. Wanataka kazi zetu sisi wa ndege ndogo: kupeleka barua, kubeba wagonjwa, kunyunyizia mashamba dawa, kutua kwenye matope. Watu wazima, Maxim, wanatoka kazini huko Ujerumani, wanakaa chini kubeba nepi za Kwethluk ambazo hazipo!

Nikashuku hapohapo. Miaka yote hii wale marubani wa mashirika makubwa, wenye kofia na kahawa ya kuletewa, walituona sisi kama waendesha mikokoteni. Leo dunia nzima inataka kuwa mimi? Mtu akikupenda ghafla hivyo, shika mfuko wako.

Hata hivyo nilikaa kwenye kile kiti, maana Haugen alinichokoza mbele ya wenzangu. Niliruka vizuri kama malaika. Nilipofika kijijini nikazunguka chini juu ya mapaa, kama tunavyofanya siku zote ili mtu wa mizigo asikie atoke na pikipiki yake ya magurudumu manne. Nikazunguka. Nikazunguka tena.

Haugen akauliza, "Mama Olinka, unasubiri nini?"

"Namsubiri mtu wa pikipiki atoke."

"Atoke wapi? Humo hamna mtu!"

"Basi mzigo nimwachie nani, kunguru?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nikasema, kijiji kisicho na mtu wa kukupokea ni kijiji cha kutilia shaka.

Kicheko kikaisha pale Haugen aliposema, "Ngoja nikuonyeshe kiwanja kitamu kuliko vyote. Mtu amekichora, akakitoa bure mtandaoni, kila mtu anakichukua." Akabonyeza. Nikaona mto, nikaona kona, nikaona fungu la kokoto nyeupe katikati ya maji. Maxim, lilikuwa Fungu la Babu! Limeandikwa hivyohivyo, Fungu la Babu, jina ambalo halipo kwenye ramani yoyote. Mahali ambapo ukoo wetu unapata kulungu wa kula majira yote ya baridi, na ambapo hatujawahi kumpeleka mgeni hata siku moja.

Nililala vibaya. Nikaanza kushuku watu. Kwanza nilimshuku Haugen mwenyewe, lakini yule hawezi hata kuitafuta njia ya choo cha uwanjani bila kuelekezwa. Nikamshuku bosi wetu, maana anapenda wawindaji wa kutoka mjini, wale wanaotaka pembe za kutundika ukutani na nyama wanaiacha ioze. Nikamshuku mpaka shemeji yangu Yako, kwa kuwa alinunua boti mpya na haelezi. Nikamtazama Yako vibaya kanisani, maskini, akadhani ana kitu usoni.

Kisha nikamwomba Haugen ufunguo wa chumba, nikakaa mwenyewe kwenye kile kiti mchana mmoja alipokuwa safarini. Nikatua pale kwenye Fungu, nikazima injini, nikatazama. Aliyechora hakubahatisha. Kaweka msonobari ulioinama kwenye kona, ule tuliokuwa tukiupitia kushoto. Kaweka hema la turubai la bibi. Kaweka uchanja wa kukaushia samaki, na moshi unaupeperukia. Lakini uchanja kauweka upande wa juu wa mto.

Unajua mwenyewe. Au hujui, na hapo ndipo shaka yangu ilipopata pa kukaa. Mimi na shemeji Yako tuliuhamishia upande wa chini baada ya yale mafuriko, na msonobari ulianguka mwaka huohuo. Kila mmoja wetu aliyeko hapa anajua. Aliyechora ni mtu wa ukoo, rubani, aliyeondoka kabla ya mafuriko. Nimehesabu watu wa namna hiyo, nimempata mmoja tu, naye anatuambia macho hayaoni hata herufi za kwenye simu. Kumbe labda kwenye kioo kikubwa yanaona!

Nilikuja juu. Nilikutukana kwa lugha zote mbili. Baadaye nikautazama tena ule moshi, jinsi ulivyochorwa kwa subira, na nikawaza mtu aliyenyang'anywa leseni kwa ajili ya sukari, amefungwa kwenye mashine, nje jangwa tupu. Hasira ikaniishia kabla sijaimaliza.

Ila sikuandikii kukubembeleza. Haugen anataka kwenda pale. Bosi amekubali kumpa ndege ndogo mwezi ujao, msimu wa kuwinda kulungu ukifunguliwa, na wawindaji wawili ndani. Na barafu ya mwaka huu ilipopasuka ililichimba Fungu. Nusu ya chini, kule mto unakoelekea, ukiitazama kutoka angani ni kokoto safi, lakini ndani yake ni tope. Mimi nilikanyaga kwa mguu, nikazama mpaka gotini. Ndege itasimama kwa pua na kupinduka.

Nimemwambia. Anajibu, "Mama Olinka, nimeshatua pale zaidi ya mara mia."

"Ulitua kwenye kiti chenye magurudumu, wewe!"

Anatabasamu. Mimi ananiona bibi wa nepi. Lakini huyo aliyechora kiwanja anamtaja kama mtu anavyomtaja askofu: alisema hivi, anashauri vile. Mie mwenye tope kwenye soksi sisikiki, na mtu aliyeko jangwani anasikika!

Basi, binamu, ikiwa ni wewe, mwandikie leo. Kwa jina hilo la bandia unalotumia, sitaki hata kulijua. Mwambie nusu ya chini imekufa, asiende. Kisha liondoe Fungu kwa watu, ubaki nalo peke yako, na uchanja uuache hukohuko juu, bibi aliupenda pale. Mama yako sitamwambia, wala shemeji Yako, ingawa nimemwonea.

Na ikiwa si wewe, nipigie unitukane, nitafurahi kusikia sauti yako. Lakini piga upesi. Akipinduka pale, kwenye mto huu wote rubani wa kwenda kuwatoa ni mimi, na mahali pa kutua ni palepale.

Nisalimie mkeo Agrafena na yule nesi uliyesema anakukaripia, mwambie akaze. Mama yako, shemeji Yako na watoto wote wa kijijini Napaskiak wanakusalimu. Mungu akulinde mwili na damu, na akurudishe nyumbani ukiwa mzito wa kubeba.

Wako akupendaye, na akushukuye kwa moyo huohuo mmoja,

Olinka